Pua ya Mwalimu Abdulghani

Mwajabu hakujua kuacha jambo. Mumewe Hatibu, mwenye duka la nguo na chumvi pale Nyakakika, alizoea kuwaambia wateja kwamba mkewe akishika neno ni kupe kashika ng'ombe: utamng'oa, lakini na nyama itatoka. Alilisema kwa majivuno kidogo, maana siku hizo halikuwa limempata yeye. Neno aliloshika Mwajabu mwaka ule lilikuwa maji.

Nyakakika ya wakati huo ilikuwa na nyumba chache za waungwana, zenye baraza mbele kama za pwani, zimejibana katikati ya migomba ya Wanyambo, wenyeji wa huko. Babu zao walikuja kutoka Pangani na Bagamoyo na shanga na vitambaa vya bafta, wakasema watakaa msimu mmoja. Wajukuu walikuwa bado wanasema wako njiani kurudi, huku wakiongeza vyumba uani. Wadachi walikwisha kuweka boma lao Bukoba, na ngozi za Karagwe zilikuwa zimepata soko lisilowahi kuonekana. Zilibebwa hadi ziwani, zikavushwa, zikapanda gari la moshi kwenda kusikojulikana na mtu. Wauza shanga wakageukia ngozi, na aliyegeuka mapema kuliko wote alikuwa Mwalimu Abdulghani.

Mwalimu Abdulghani ndiye aliyesalisha Ijumaa. Alikuwa mtu wa haki, tusimdhulumu. Hakupunja kipimo wala hakumnyima mtu salamu. Kasoro yake ni kwamba alikuwa amesoma vitabu viwili vya fiqhi mpaka kurasa zikalegea, akaamini kwamba hakuna swali duniani lisilokuwamo ndani ya hivyo viwili. Swali likiletwa, alifumba macho, akafumbua, akajibu. Likishajibiwa halikuruhusiwa kuulizwa tena.

Sasa maji. Mji ule ulikuwa na chemchemi moja, ubavuni mwa kilima. Jicho la chemchemi lilikuwa juu, jembamba, likitoa maji matamu lakini kwa uvivu. Chini kidogo ya jicho Mwalimu Abdulghani alichimba mfereji wa kulowekea ngozi, ili wafanyakazi wake wazikwangue mafuta na damu kabla ya kuziwamba juani kwa vigingi. Maji yakitoka kwenye ngozi yalishuka, yakapita kwenye matete, yakaishia kwenye dimbwi kubwa bondeni, na dimbwi hilo ndilo lililokuwa la wanawake. Kwenda kuchota juu hawakuweza, kwa sababu uwanja wa ngozi ulilizunguka jicho pande zote, na wafanyakazi walikuwa vijana waliovaa kitambaa kisichozidi kiganja. Mwanamke wa kiungwana akionekana kupita kati yao na mtungi kichwani, habari zingefika Bukoba kabla mtungi haujajaa.

Vijana hao hao ndio waliochota kwenye jicho kila alfajiri, wakapandisha maji mpaka msikitini na kulijaza birika. Kwa hiyo wanaume walitawadha kwa maji yaliyo juu ya ngozi, na wake zao wakapika kwa maji yaliyo chini ya ngozi. Wanaume nao waliyala katika chakula, ila yaliwafikia yamechemka, yametiwa tangawizi na kuitwa mchuzi. Hakuna aliyelipanga liwe hivyo. Lilikaa tu likawa hivyo, na aliyeliona vibaya alikuwa ni yule mwenye mtungi.

Maua, binti pekee wa Mwajabu, alikuwa amekuja kutoka kwa mumewe kule Ihembe ili azalie kwa mama, kama ilivyo ada ya mimba ya kwanza. Alikuja na mashavu. Haukupita muda tumbo likaanza kumwendesha, likatulia, likaanza tena, na mashavu yakaondoka. Ikabaki mimba peke yake mbele ya mtu mwembamba. Mwajabu alikuwa mcheshi kwa kila mtu mchana kutwa, lakini alipomwona mwanawe ameshika ukuta akirudi kutoka uani, ucheshi ulimwishia. Masika yaliyopita shoga yake Mwaja alimzika mjukuu kwa ugonjwa huo huo. Mwajabu aliogopa kwamba zamu yake imefika, na woga huo ukamfanya awe mkali kwa kila kitu kilicholowa.

Alijaribu kila njia. Alichemsha mpaka kuni zikaisha; harufu ilibaki, ila sasa ikawa ya moto. Alipanga vyungu viwili, kimoja juu ya kingine, cha juu kikatobolewa chini na kutiwa mchanga na mkaa uliopondwa. Jirani yake Kokugonza, mama wa Kinyambo mwenye shamba la migomba nyuma ya ukuta, alimwongezea nyasi zile wanazochujia maji ya ndizi wanapotengeneza pombe yao ya rubisi. Maji yalitoka meupe, ya kupendeza macho, tone kwa tone. Hayakuitosha nyumba, na Maua kiu ikimshika hakungoja tone. Alikunywa yaliyokuwepo.

Kokugonza aliitazama shughuli hiyo yote akiwa amejishika kiuno. "Mama Maua," alisema, "vyungu hivi ni vizuri. Lakini huyo mwenye ngozi, kwa nini asizihamishe?"

"Hajaambiwa," alisema Mwajabu.

"Basi aambiwe."

Siku ya pili yake, alasiri, wanaume wakiwa wamekaa barazani pa msikiti, Mwajabu akaenda na bakuli la maji ya dimbwi. Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa la malezi mema. Bakuli alilochukua lilikuwa la kaure, la maua mekundu, la mama yake, maana huwezi kwenda mbele ya wanaume na kibuyu. Na alipolishika bakuli lile mkono wake ulikataa katakata kutia maji machafu ndani yake. Aliyapitisha kwenye kitambaa safi, halafu akayapitisha tena. Alipofika barazani ndipo alipogundua kwamba amewaletea maji yanayong'aa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Maua. Kuna nini?"

"Maji ya dimbwi yananuka, Mwalimu. Ngozi zinayaharibu. Watoto wanaugua, na mwanangu ana mimba. Tunakuomba uhamishe mfereji ukae chini ya dimbwi."

Mwalimu Abdulghani hakukasirika. Alifurahi, kwa kuwa hilo lilikuwa swali, tena lenye ukurasa wake. Aliwaeleza wote waliokuwepo kwamba maji yakifika kulateni, ambacho ni kipimo cha mitungi mikubwa, hayaharibiwi na uchafu ulioingia isipokuwa yakibadilika rangi, ladha au harufu. Dimbwi linazidi kulateni mara nyingi. Basi tutazame. Aliinua bakuli juani. Rangi ilikuwa safi, safi hasa. Akaonja kidogo, akasema ladha ni ya maji. Akaliweka bakuli chini ya pua, akavuta pumzi ndefu, akafumba macho, akafumbua.

"Hayana harufu," alisema.

Hatibu aliyekaa karibu naye alikuwa amegeuza uso upande wa barabara tangu bakuli lilipofika. Wengine walitazama dari. Mwajabu alimtazama mumewe, akamtazama sana, akingoja neno moja tu. Hatibu akakohoa. Alikuwa mwuza nguo, na wafanyakazi wa ngozi walikuwa wateja, hata kama walichonunua kilikuwa kidogo.

"Na wewe, Hatibu," Mwalimu Abdulghani alimwambia kwa upole, "umekula kitunguu mchana. Kasukutue kabla hatujasali."

Chini ya benchi aliloketi Mwalimu palikuwa na ngozi mbili mbichi zilizokunjwa, zilizoletwa asubuhi, na nzi walikuwa wamewaita jamaa zao wote. Mwajabu alizitazama ngozi. Akaitazama ile pua iliyosikia kitunguu cha mchana kupitia mdomo wa mtu mwingine. Kitu kikamfungukia kichwani.

"Kwa hiyo dimbwi ni safi, Mwalimu?"

"Maji ya dimbwi na maji ya birika ni ndugu, mama yao ni chemchemi moja. Nyie mna kinyaa tu. Mwenye kinyaa na achote kwenye birika, hakuna atakayemzuia." Alilisema hilo kwa sauti, mbele ya watu, akarudi kwenye tasbihi yake.

Mwajabu hakwenda nyumbani. Alipitia kwa Bi Mize, mke wa Mwalimu, akamkuta anachambua maharage mlangoni.

"Bi Mize, hebu niambie. Mzee husikia harufu?"

"Karafuu ikidondoka nyumba ya tatu anaisikia," alisema Bi Mize. "Ngozi ndiyo haisikii tena. Imemwingia puani miaka hii yote ikakaa kama mwenyeji. Huja kulala hivyo hivyo na kuniuliza kwa nini nimejisogeza."

"Hujamwambia?"

"Nilimwambia mara moja. Alinijibu kwamba ngozi iliyokwanguliwa ni twahara."

Kwa hiyo mtu yule hakusema uongo. Mwajabu angependa awe mwongo, kwa sababu mwongo hubanwa kwenye kona akaona haya. Huyu alikuwa mkweli na hakuwa na haya ya kuona. Alirudi nyumbani akiwa na hasira, akamkuta Maua amelala mkekani na midomo imemkauka, na hasira ikageuka kuwa mpango.

Kesho yake jua lilipochomoza, wanawake wote wa kiungwana walikuwa mbele ya msikiti na mitungi. Mwaja alikuwepo. Bi Mize naye alikuwepo, na mtungi wake ulikuwa mkubwa kuliko yote. Kokugonza hakuwa na shida na birika, alikuwa na kisima chake nyuma ya shamba, lakini alikuja kutazama. Mwalimu Abdulghani aliwakaribisha kama mwenye karamu. "Karibuni, mama zangu. Nilisema, na nilichosema ndicho."

Waliyachota kwa heshima na adabu. Walishukuru kila mmoja. Walirudi saa ya chai, wakarudi saa ya kupika, wakarudi kufua. Haijapata kutokea Nyakakika watu kufua kwa moyo namna ile. Mashuka ya wageni ambao hawajaja yalifuliwa.

Ndani ya birika, kwenye chokaa, Mwalimu Abdulghani mwenyewe alikuwa amechora mstari kwa msumari siku lilipojengwa. Mstari huo ndio uliokuwa kulateni. Maji yakiwa juu yake, watu walichovya mikono moja kwa moja. Yakiwa chini yake, hakuna kuchovya. Ni kuchota kwa kata na kumimina. Adhuhuri ya siku ile walikuta mstari uko mkavu, na maji yako huko chini yanawatazama. Palikuwa na kata moja tu. Wakapanga foleni. Wa mwisho kwenye foleni aliposwali adhuhuri yake, alasiri ilikuwa imekwisha kubisha hodi.

Siku iliyofuata kata yenyewe haikuonekana. Bi Mize alikuwa ameiazima kugawia uji.

Vijana wa ngozi walibeba maji kutwa. Jicho la chemchemi halikuwajali, lilitoa kile kile cha siku zote, na wao wakakaa mbele yake na mitungi wakilisubiri. Huko nyuma ngozi zilizotakiwa kuwambwa zilijikunja juani. Wanaume walinung'unika, ila kila mmoja akifika nyumbani na kutaka kumkemea mkewe, mkewe alimwuliza kama anakataa neno la Mwalimu. Hakuna aliyelikataa.

Hatimaye Mwalimu Abdulghani akamwita Mwajabu barazani.

"Mama Maua, siku hizi mnakunywa sana."

"Jua kali, Mwalimu."

"Hamwezi kugawanya? Nusu birikani, nusu kwenye dimbwi?"

"Ulisema mwenye kinyaa achote birikani. Tumejichunguza, Mwalimu. Wote tunacho."

Aliinamisha kichwa. Alikumbuka, na alikuwa amekumbuka tangu jana yake, kwamba kitabu cha pili kina ukurasa juu ya maji yaliyowekwa wakfu kwa ajili ya udhu, kwamba si ya kunywa wala kufulia. Lakini kuusoma ukurasa huo sasa kungekuwa kuwaambia watu kwamba siku ile barazani alisahau. Aliuacha ukurasa ulale.

"Nimeelewa," alisema. "Nendeni mkachote."

Mwajabu aliondoka akijua kwamba ameshinda, na kwamba Ijumaa ikifika, msikiti ukijaa, Mwalimu hatakuwa na la kufanya ila kuhamisha mfereji. Alimwambia Maua hivyo. Maua akatabasamu, halafu akakimbilia uani.

Lakini mtu anayeamini vitabu viwili huwa hakosi njia ya tatu. Asubuhi ya Ijumaa Mwajabu alishuka bondeni kukata majani ya kufunikia vyungu, akawaona vijana wa ngozi wanateremka na mitungi yao yote. Walipita jicho. Walipita mfereji. Wakaja mpaka dimbwini, dimbwi la wanawake, ambalo kwa siku hizo chache halikuguswa na lilikuwa limejaa pomoni, na utando wake wa mafuta uking'aa juu.

"Mnafanya nini, wanangu?"

"Mwalimu ametuambia tujaze birika kutoka hapa," alisema mmoja wao, macho yakiwa mekundu kwa uchovu. "Amesema ni maji yale yale, na hapa yapo mengi."

Hili Mwajabu hakulipanga. Angeweza kuwazuia. Angeweza kupanda mlima na kumwambia Mwalimu aache. Alisimama pale na majani yake mkononi akafikiri kwa muda ambao hata wenye haraka wangeuona mfupi. Kisha akayakunja mapindo ya kanga, akaingia ukingoni, akaanza kuwasaidia kutia maji mitungini.

"Chukueni ya hapa upande wa matete," aliwaambia. "Ndiyo tunayopikia."

Alipofika nyumbani Hatibu alikuwa anavaa kanzu ya Ijumaa. Mwajabu alimtazama akipaka mafuta kwenye ndevu. Alifikiria kumwambia atawadhe nyumbani leo. Akakumbuka kile kikohozi.

"Umependeza, Baba Maua," alisema.

Ijumaa hiyo palikuwa na wageni. Saleh, mchuuzi wa kahawa aliyekuwa akipita na msafara wake kati ya Bukoba na Karagwe, alifika asubuhi. Alikuwa mnene, mwenye elimu yake, na mdomo wake haukuwa na mlango. Mwalimu Abdulghani alimheshimu kuliko mgeni yeyote. Alimpeleka mwenyewe kwenye birika na kumwonyesha maji yaliyopita mstari, yaliyojaa hadi ukingoni, kama mtu aonyeshaye ng'ombe aliyenona.

Wanawake walikuwa wamesimama nje ya ua wa msikiti, wamejifunika vizuri, wakiwa na sababu mbalimbali za kuwepo hapo. Maua alikuwa amemwegemea mama yake.

Sasa ambaye hajui udhu ajue hivi: mtu huanza na viganja, kisha husukutua kinywa, kisha huyapandisha maji puani mpaka juu, akayapenga. Hakuna njia ya kutawadha na kubaki hujui maji yakoje.

Wa kwanza alikuwa Hatibu. Alichovya, akasukutua, akasita. Mashavu yalibaki yamejaa. Mbele ya mgeni na mbele ya Mwalimu asingeweza kutema vibaya, akatema vizuri. Akavuta puani. Machozi yakamtoka. Alipoinua kichwa macho yake yalikutana na ya mkewe juu ya ua, na Mwajabu akamwitikia kwa kichwa, kwa adabu zote za mke wa mtu. Hatibu akaosha uso haraka, akaenda kukaa ukutani mbali na wenzake.

Wa pili akafanya vivyo hivyo. Wa tatu alipiga chafya mpaka kofia ikaanguka. Mmoja mmoja walimaliza, wakakaa kwenye mkeka ndevu zikidondoka, kila mmoja akijitenga kidogo na jirani yake na kila jirani akijitenga naye. Hakuna aliyesema kitu. Mwalimu alikuwa amekwisha kulijibu swali la maji.

Kisha akaja Saleh. Alikunja mikono ya kanzu, akasema bismillahi, akachota, akaleta kinywani, akatema hadi kwenye ua walikosimama wanawake.

"Mwalimu," alisema, "nani amekufa humu ndani?"

"Hakuna aliyekufa," alisema Mwalimu Abdulghani. "Ni maji ya dimbwi. Ni ndugu na maji ya—"

"Ni ndugu wa fisi." Saleh alinusa mikono yake, akaisogeza mbali. "Ninyi mmeyatia puani haya? Yamenuka, yamebadilika ladha, na tazama, yana mafuta. Hamna udhu, jamani. Hamna kabisa."

"Mimi sisikii harufu."

"Kweli husikii?"

Mwalimu Abdulghani alichota kwa kiganja, akanusa. Akayavuta puani mpaka akapaliwa. Akanusa tena. Akamgeukia Hatibu.

"Hatibu. Wewe unasikia?"

Hatibu aliinamisha macho, akayainua, akamtazama mkewe. "Nasikia, Mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipochimba mfereji."

Aliwauliza wote, mmoja mmoja, kwa majina, na wote wakamjibu hivyo. Mwajabu alikuwa amekiweka tayari kicheko chake tangu asubuhi, chote, kizima. Alipomwona mzee yule anarudia kunusa kiganja chake kana kwamba ameangusha kitu humo, kicheko hakikutoka. Alimwonea huruma, na ilimuudhi kumwonea huruma, kwa kuwa alikuwa ameisubiri sana siku hiyo.

"Husikii, baba," sauti ya Bi Mize ilitoka upande wa ua. "Miaka sasa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukanijibu."

Mwalimu Abdulghani aligeukia ua. Macho yake yalitembea juu ya wanawake mpaka yakamfikia Mwaja, yakasimama. Kinywa kikafunguka.

"Yule mjukuu wako," alisema.

"Alikunywa ya dimbwi, Mwalimu," alisema Mwaja. Hakulisema kwa ukali. "Sote tunakunywa ya dimbwi."

Mwalimu Abdulghani alivua kofia, akaivaa tena. Ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona akitoa hukumu bila kufumba macho.

"Maji yamebadilika," alisema. "Nilikosea. Mwageni birika lote, lioshwe. Ngozi zote zitoke kwenye mfereji ule sasa hivi, zipelekwe chini, kupita dimbwi, kupita matete, mpaka mbali. Mfereji ufukiwe. Na njia ya kwenda kwenye jicho ifunguliwe, wanawake wapite."

"Na wale vijana, Mwalimu?" aliuliza Mwajabu. "Walivyo?"

"Wavishwe. Hatibu, wakatie shuka kila mmoja."

Hatibu alifungua kinywa kuhusu bafta yake, akamwona mkewe, akakohoa, akaenda kuleta mkasi.

Mwalimu Abdulghani mwenyewe alichukua mtungi begani, akiwa ndani ya kanzu ya Ijumaa, akapanda mpaka kwenye jicho la chemchemi. Alisubiri lijaze, kwa uvivu wake ule ule. Wanaume wakasubiri msikitini na harufu zao, bila udhu, na kivuli cha ukuta kikawa kinasogea. Aliporudi alikuwa ametota jasho. Watu walisimama wamkaribie, mikono imekunjwa tayari, lakini hakwenda birikani. Alikwenda kwenye ua, akamimina maji kwenye bakuli, akalinyoosha kwa mikono miwili.

"Mama Maua. Nisaidie kunusa. Mimi siwezi kuwaapia watu kwa pua hii."

Mwajabu akalipokea. Aliyanusa. Hayakuwa na harufu ya chochote, labda ya jiwe. Alilijua hilo mara moja, lakini alinusa tena, na tena, akageuza bakuli upande wa jua, akalirudisha. Nyuma ya Mwalimu msikiti mzima ulikuwa umesimama unangoja ruhusa ya mwanamke ili uswali, na alikuwa na haki ya kuufaidi ungojaji huo kidogo. Saleh akaanza kucheka ndani ya ndevu.

"Sijui," alisema Mwajabu. "Pua yangu nayo ina mambo yake. Hebu apime anayeyanywa."

Akampa Maua bakuli. Maua alilishika kwa mikono yote, akanywa kidogo, akatulia, kisha akanywa bila kupumzika mpaka bakuli likainuka na kumfunika uso. Alilishusha. Mwajabu alimtazama usoni, akaitazama mimba, akamtazama tena usoni, na hakuweza kufanya mzaha wowote. Mwalimu Abdulghani naye alikuwa anamtazama, na midomo yake ilikuwa inasogea bila sauti. Watu walingoja. Hakushika tumbo. Hakugeuka kutafuta njia ya uani.

"Yapo mengine?" aliuliza Maua.

Mwalimu Abdulghani akachukua mtungi, akaanza kupanda tena mlima.